Hazina Mlangoni: Kejeli ya Ujirani katika La comunidad

Hekaya za kusaka hazina iliyofichwa aghalabu huanza kwa safari. Wahusika huaga nyumbani, huvuka bahari au jangwa, na hazina huwa ni ujira wa masaibu ya njiani. Katika La comunidad (2000), ramsa ya Álex de la Iglesia, mzaliwa wa Bilbao, aliyoiandika pamoja na Jorge Guerricaechevarría, hakuna anayesafiri. Hazina imo ndani ya jengo la fleti mjini Madrid, na wanaoitamani ni majirani wasiothubutu kuhama. Makala haya yanashikilia kuwa nguvu ya filamu hii imo katika kutosafiri huko, na kwamba udhaifu wake unajitokeza pale inapoisahau kanuni hiyo.

Julia (Carmen Maura), dalali wa nyumba, anagundua peseta milioni 300 katika fleti ya mzee aliyefariki. Mzee huyo alizipata katika kamari ya kubashiri matokeo ya kandanda. Majirani, wakiongozwa na msimamizi Emilio (Emilio Gutiérrez Caba), waliafikiana kuzigawana atakapokufa, na kwa miaka mingi wamemchunga asitoroke nazo.

Jina la filamu linabeba kinaya chake. Katika Kihispania, comunidad ni jamii. Vilevile ni umoja wa wenye fleti katika jengo moja, unaotambuliwa na sheria ya Uhispania ya mwaka 1960. Chombo kilichokusudiwa kutunza ngazi na paa kimegeuka kuwa chama cha kungojea mauti. Waswahili husema, “Tamaa mbele, mauti nyuma.” Hapa mpangilio huo umepinduliwa: mauti ya mtu mwingine ndiyo yanayotangulizwa, na tamaa inakaa nyuma ikisubiri, tena kwa adabu, kwa vikao na kwa tabasamu la ujirani mwema.

Mkasa wa aina hii una nasaba katika sinema ya Uhispania. Katika El pisito, iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Marco Ferreri na Isidoro M. Ferry kutokana na riwaya ya Rafael Azcona, mwanamume anamwoa ajuza ili arithi haki yake ya upangaji. Katika El verdugo (1963) ya Luis García Berlanga, mhusika anakubali kazi ya kuwaua waliohukumiwa kifo ili asiikose nyumba. Wahusika hao, walioishi chini ya utawala wa Franco, wanasukumwa na dhiki, na mtazamaji huwacheka huku akiwahurumia. Majirani wa De la Iglesia wana pa kulala. Si ukosefu unaowaharibu bali ahadi ya utajiri. Ndiyo maana kicheko katika La comunidad ni kikavu zaidi.

Usawiri wa Charly (Eduardo Antuña) unastahili kuzingatiwa. Kijana huyu, anayeishi na mamaye na kujivika vazi la Darth Vader, anachukuliwa na wote kuwa punguani. Hata hivyo, katika jengo ambamo kila mtu amevaa barakoa ya utu, yeye peke yake amevaa barakoa inayoonekana. Sanduku linalogombewa juu ya paa linapofunguka, ndani mna noti za mchezo wa Monopoly. Charly alikwisha kuzibadilisha. Taswira hii inasema kwa ufupi yale ambayo vikao vyote vya majirani vilificha: walikuwa wakiuana kwa ajili ya karatasi.

Dosari inaanzia papo hapo paani. Kejeli ilitegemea ufinyu wa ngazi, lifti na milango; mfukuzano wa juu ya mapaa unaleta taharuki, lakini unawageuza majirani kuwa majitu ya kutisha tu. Aidha, Julia anayeiba peke yake anasamehewa na kuzawadiwa, ilhali wanaoiba kwa pamoja wanaangamia. Je, tamaa ni uovu inapokuwa ya kikundi tu? Filamu hailijibu swali hili, na kicheko cha mwisho, Julia na Charly wanapokutana baani, kinamwacha mtazamaji akiwashangilia wezi wawili. Huenda hapo ndipo hadhira nayo inapoingizwa katika ile comunidad bila kujijua.