Kupotea na Kupotezwa: Tahakiki ya Lugha ya Uwajibikaji wa Dola katika Mkasa wa Vijana wa Kariakoo

Taarifa za habari kuhusu vijana watano wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao familia zao hazikuwaona tena baada ya Desemba 26, 2021, ziliegemea vitenzi viwili: wamepotea, wametoweka. Hoja ya tahakiki hii ni kwamba vitenzi hivyo vinagusa sheria yenyewe. Kisarufi, potea haihitaji mtenda. Mbuzi hupotea malishoni. Mgeni hupotea katika vichochoro vya Mtaa wa Msimbazi. Kiswahili, hata hivyo, kina mnyambuliko unaomrejesha mtenda: poteza, potezwa. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kutoweshwa kwa Nguvu, uliopitishwa mwaka 2006, inasimama juu ya mtenda huyo: wakala wa dola, au mtu anayetenda kwa idhini, msaada au ridhaa yake, anayemnyima mwingine uhuru, kisha tendo likakanwa au aliko mhusika kufichwa.

Itapingwa kwamba mwandishi wa habari au ofisa wa polisi hawezi kuandika “wamepotezwa” bila ushahidi. Pingamizi hili ni la haki, na mtafiti hadai kwamba mtenda katika mkasa huu amethibitika. Lakini hapo ndipo msemo “watu wasiojulikana” unapopewa uzito usiostahili, kana kwamba kutojulikana kunafunga shauri. Katika shauri la Velásquez Rodríguez dhidi ya Honduras, mwaka 1988, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilieleza kwamba tendo la mtu asiyetambuliwa laweza kuitia dola hatiani pale dola isipofanya bidii stahiki kulizuia au kulishughulikia. Kutojulikana, basi, ni mwanzo wa wajibu wa kuchunguza.

Mfano wa mwanahabari Azory Gwanda, aliyetoweka Kibiti Novemba 2017, unaonesha kwamba tatizo si la Kiswahili peke yake. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje alipohojiwa na BBC, kwa Kiingereza, alisema kuwa Gwanda alitoweka na kufariki. Baadaye ukatolewa ufafanuzi kuwa kauli hiyo ilieleweka vibaya. Vitenzi viwili, na hakuna mtenda hata mmoja.

Tanzania haijauridhia Mkataba wa 2006, lakini Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao iliuridhia mwaka 1984, unaifunga. Ugumu uko kwenye mlango wa kuingilia. Tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, jijini Arusha, liliondolewa Novemba 2019, na athari yake ikaanza mwaka mmoja baadaye. Familia za Kariakoo zilipoanza kuwatafuta vijana wao, mlango huo ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya mwaka. Imebaki Tume iliyoko Banjul, ambayo kwa kawaida hudai kwanza njia za ndani zitumike zote. Na njia za ndani huanzia kituo cha polisi, kwa jalada la mtu aliyepotea.