Ziara Isiyo na Mwaka

Naishi Themi, karibu na mto wenye jina hilohilo. Ukifika kwetu, mto huo umeshapita nyuma ya gereji na masoko, na huwezi kudhani kwamba chanzo chake kiko msituni, Mlima Meru. Mwezi wa saba niliufuata kwenda juu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu masimulizi ya waongoza watalii, nami nilikuwa nimechoka kuyasoma kwenye karatasi.

Ziara za kitamaduni za huku zilianza miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, na baadaye zikawa chini ya Bodi ya Utalii. Ng'iresi, Mulala, Tengeru na Longido ni baadhi ya majina ambayo wapagazi wote wa mjini wanayajua. Wazo lenyewe ni zuri: mgeni anayekwenda Serengeti asipite tu na vumbi lake, aache kitu kijijini. Kijiji nilichokwenda mimi sitakitaja, maana nataka kulalamika.

Mwongozaji wangu, kijana wa rika langu, alijua kazi. Alinionyesha kahawa chini ya migomba, majani ya kutibu tumbo, maporomoko. Tulikula loshoro. Alinieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa mimi ni wa hapahapa, lakini nilisikia kwamba hotuba ilikuwa imekomaa katika lugha nyingine. Wameru hulima. Wameru huheshimu mlima. Wameru hutunza vyanzo vya maji. Saa tatu nzima za hu-.

Tulifundishwa shuleni kwamba hu- ni ya mazoea. Hatukuambiwa kwamba ni kiambishi kisicho na nafsi wala tarehe. "Hulima": nani, lini, kwenye shamba la nani? Katika wakati wa hu- hakuna mtu aliyewahi kunyang'anywa kitu. Hapo ndipo ugomvi wangu na ziara hii ulipo, na ni ugomvi wa kifasihi kabla ya kuwa wa siasa: simulizi juu ya ardhi limeondolewa kitenzi chake kikuu.

Kitenzi hicho ni kuhamishwa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima, ili walowezi wa Kizungu wapate eneo la kufugia. Nyumba zilichomwa. Watu walichanga fedha, na 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kulalamika Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kusimama huko. Azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura za Baraza Kuu. Baadaye Kirilo na wakili wake, Earle Seaton mzaliwa wa Bermuda, waliandika kitabu, The Meru Land Case, kilichotoka Nairobi 1967. Ni kitabu chembamba, cha Kiingereza, na sauti ya wakili inaifunika mno sauti ya mkulima. Lakini kina mwaka. Kina aliyetenda na aliyetendwa.

Bibi yangu alikuwa na miaka minane siku hiyo. Anachokumbuka zaidi ni kinu kilichoachwa uani, kwa sababu mama yake aliendelea kukitaja hadi alipokufa.

Nilimuuliza mwongozaji kwa nini hasemi habari hizo. Alicheka kidogo. "Dada, wageni wako likizo. Hawakuja kulia."

Jibu lake si jepesi. Ana ada ya wadogo zake ya kulipa. Ila sikubali kwamba mgeni hawezi kubeba. Kule Hawaii kuna kisiwa kinaitwa Kahoʻolawe, ambacho jeshi la majini la Marekani lilikitumia kama shabaha ya mabomu hadi 1990. Wenyeji walianza kukivamia 1976 kudai kirudishwe, na leo anayepelekwa huko haendi kupiga picha: anapanda miche, na anaambiwa kwa nini udongo umekuwa uchi. Historia ya kunyang'anywa na kazi ya kutunza ni kitu kimoja. Kwetu tumevitenganisha, tukabakiza cha pili kama pambo.

Nikiri kwamba mara moja ziara iliponyoka. Tulifika kwenye mfereji, mwongozaji akasimama katikati ya sentensi, akavua viatu. Majani yalikuwa yameziba, na ilikuwa zamu ya kwao kupata maji. Alichimbua kwa mikono huku akimlaumu jirani wa juu: juzi alifungulia kwake usiku, wazee wakamtoza faini, jana karudia. Juzi, jana! Kwa dakika kumi nikasikia utunzaji wa ardhi unavyosemwa na watu wanaoufanya, wenye hasira, zamu na majina. Halafu akanawa, akavaa viatu, akarudi kwenye hu-. Mfereji haumo katika orodha ya vivutio.

Jioni nilimpigia Bibi. Nikamsimulia yote, hotuba, kiambishi, hoja yangu. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayelipiwa muda wa maongezi na mwingine.

"Na wewe," akauliza, "ulimwambia kwamba sisi ni wa Ngarenanyuki?"

Sikumwambia. Kabla ya kuondoka nililetewa kitabu cha wageni. Nikaandika jina, nikaandika Arusha, na kwenye safu ya maoni: Asante, mandhari nzuri.