Njia Mbili, Mlango Mmoja



Wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza tumewaona abiria kwenye treni wameinamia gazeti, kalamu mkononi, wakihangaika na visanduku vyeusi na vyeupe. Ni rahisi kudhani kwamba wanapoteza wakati. Hata hivyo, ndani ya mchezo huo umo utanzu mdogo wa fasihi wenye kanuni, waamuzi na mashindano yake, nao unastahili kupimwa na sisi watu wa lugha ya mafumbo.

Sizungumzii chemsha bongo ya kuuliza mji mkuu wa Uganda. Nazungumzia kidokezo kinachosema jambo moja huku kikikusudia jingine. Katika gazeti la Observer, kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1926 na Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada. Alipofariki mwaka 1939 akafuatia mwalimu D. S. Macnutt, kwa jina la Ximenes, na mwaka 1972 akaingia Jonathan Crowther, yaani Azed, aliyeendelea kwa zaidi ya miaka 50. Wote watatu walijipa majina ya wakuu wa mahakama ya kanisa ya Hispania iliyosifika kwa kutesa watu. Azed ni Deza lililosomwa kinyumenyume.

Mashindano yao yalikwenda hivi: katika fumbo, neno moja lilitolewa maana yake tu bila kufumbwa. Wasomaji walilitungia kidokezo chao na kukipeleka kwa mwamuzi, naye alichapa karatasi yenye vidokezo vilivyoshinda na maelezo ya kwa nini vingine vimeanguka. Karatasi hiyo ni uhakiki hasa, kwa kuwa kila hukumu ina sababu yake.

Sheria zenyewe Ximenes alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966, na Azed akazifupisha kuwa mambo matatu. Kidokezo kizuri kina maana sahihi ya neno, kina njia ya pili ya haki ya kulifikia neno hilo, na hakina kitu kingine chochote.

Tulijaribu hilo kwa Kiswahili. Chukua neno MASIKA. Mshindani wa kwanza aandika: "Samaki msimu wa mvua nyingi (6)." Tarakimu ni idadi ya herufi. Herufi za SAMAKI ndizo hizo hizo za MASIKA, ila hakuna neno linalotuamuru tuzipange upya. Kidokezo kimeanguka. Wa pili aandika: "Samaki watamu wa Pemba huvurugika msimu wa mvua nyingi (6)." Amri ya kuvuruga ipo, lakini "watamu wa Pemba" hawana kazi, wamewekwa kuwa pambo tu. Wa tatu aandika: "Samaki huvurugika msimu wa mvua nyingi (6)." Hapa kila neno lina kazi yake. Anayesoma juu juu ataona bahari iliyochafuka na wavuvi waliokosa riziki, na anayechambua ataona herufi sita zinazotikiswa. Huyu ndiye mshindi.

Kiswahili kina vifaa vyake pia. Mchezo wetu wa kinyume, wa kubadilisha nafasi za silabi, unatosha kuwa amri: "Kata kinyume upate uchafu (4)." KATA inageuka TAKA.

Sasa linganisha na kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai, lakini tunajua hivyo kwa sababu bibi alituambia. Aliyekosa bibi hana njia ya kulithibitisha jibu. Wahenga nao walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, maana yake mwingine abaki nje. Kidokezo cha Ximenes kinakataa hilo. Kinaruhusu hila, hakiruhusu dhuluma: mtungaji anaweza kukupoteza njia, lakini lazima njia iwepo.

Wako wanaosema kwamba ukali huu unaua utani. Humtaja John Graham, aliyejiita Araucaria katika gazeti la Guardian hadi alipofariki mwaka 2013, ambaye alizifuata sheria kwa ulegevu na bado akapendwa mno. Hoja yao ina uzito kwa mtungaji wa kipaji chake. Kwa mashindano haina, kwani bila kanuni mwamuzi hubaki na upendeleo wake tu.

Kwetu sisi tulio ugenini kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyekulia Manchester huenda halijui neno masika, kwa sababu mvua ya huko haina msimu. Ukimpa kitendawili atanyamaza, na utamhukumu kuwa hajui lugha yake. Ukimpa kidokezo cha haki, atazitikisa herufi za samaki, neno alijualo tangu jikoni, hadi apate kitu kinachofanana na neno. Kisha atamwuliza mama yake, au atafungua kamusi. Njia ya pili imemfikisha mahali ambapo ya kwanza ilikuwa imefungwa. Tukianzisha mashindano ya vidokezo katika kurasa zetu, basi tuhukumu kwa kipimo hicho, wala tusimtunuku aliyetufungia wengi nje.

Kwa anayetaka kujipima: "Katika soko, mbegu ni zawadi ya mshindi (5)." Jibu limo humo humo, huna haja ya kungoja toleo lijalo.