Kuba za Kilwa
Hapa mtaani kwetu Kamenge nyumba hujengwa kwa matofali ya udongo, na palipo na ujenzi hakosi fundi aliyefumba jicho moja, akiipima kona kwa timazi. Mafundi hawa ndio ninaowaandikia. Kuna kazi ya wenzao wa kale ambayo wangeielewa upesi kuliko sisi wasomaji wa vitabu: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania.

Sehemu kubwa ya msikiti huo iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na karne iliyofuata ikajengwa upya. Jina la sultani tunalo. La fundi hatuna, ila alichokuwa akikiwaza kimo ukutani.

Jiwe la nchi kavu alilivunja vipande, akalishikiza kwa chokaa kuwa ukuta mnene. Kwa mihrabu na kazi ya nakshi alitaka tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi. Bichi huchongeka kwa tezo. Likikaa hewani huwa gumu. Hapakuwa na muda wa kusitasita. Chokaa nayo ni matumbawe yaleyale, yaliyopangwa juu ya lundo la magogo yakachomwa.

Lakini kinachonishika zaidi mimi ni paa. Nyumba za mwambao zilifunikwa kwa boriti za mikoko, na boriti haivuki hata mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba. Fundi wa Kilwa aliugawa ukumbi kwa safu za nguzo, ukawa miraba midogo, na kila mraba akaufunika kwa kuba au tao la mawe na chokaa. Si kwa boriti. Ukisimama chini ya kuba mojawapo, usitazame katikati. Tazama kona, pale mraba wa chini unapolazimika kugeuka duara juu. Hapo ndipo fundi hupimwa, na hapo mkono wake haukutetereka. Kuba nyingine zimeanguka. Zilizobaki zimesimama kwa miaka mia tano na zaidi.

Ninyi mnaosafiri kufuata bidhaa Dar es Salaam, mji wa Kilwa Masoko uko kiasi cha kilomita 300 kusini mwa jiji hilo, na kutoka hapo kisiwani huvukwa kwa mashua. Nawaomba, safari moja mchukueni na fundi wa mtaani kwetu.