Kinachounguza sabufa ni amplifaya yenye njaa

Sabufa ya gari ikiungua, lawama ya kwanza huiangukia amplifaya: eti ilikuwa na nguvu mno. Mwenye gari hushauriwa anunue ndogo zaidi, na haupiti muda mrefu sabufa ya pili nayo inatoa harufu ileile ya vanishi iliyoungua. Kazi moja iliyofanyika Mombo, kwenye Noah inayopandisha abiria Lushoto, inaonyesha kinyume kabisa. Sabufa ile iliuawa na amplifaya iliyoshindwa kazi.

Ushahidi ulikuwa ndani ya sabufa yenyewe. Koni ilipokatwa, koili ilikutwa imekuwa nyeusi kuanzia juu hadi chini, lakini kile kitambaa cha njano kinachoishika katikati kilikuwa kizima, hakijachanika wala kubanduka gundi. Hiyo ni alama ya joto. Sabufa iliyokufa kwa kuruka kupita kiasi huacha alama nyingine: kitambaa kimechanika, au ukingo wa silinda ya koili umepondeka kwa kugonga bamba la nyuma. Fundi asiyeifungua sabufa iliyokufa anabahatisha tu, kwa sababu tiba za maradhi hayo mawili hazifanani. Joto hutibiwa kwenye umeme na kwenye geini. Mruko hutibiwa kwenye boksi na kwenye kichujio.

Joto lilitoka wapi? Sabufa ilikuwa ya inchi 12, yenye koili mbili za omu 4 kila moja, inayostahimili wati 400 za RMS. Amplifaya ilikuwa ya chaneli mbili, imefungwa kwa briji, yaani chaneli zote mbili zikisukuma mzigo mmoja, na koili zimeungwa sambamba. Koili mbili za omu 4 zikikaa sambamba huwa omu 2. Kwa briji kila chaneli huona nusu ya mzigo, yaani omu 1, na amplifaya nyingi za aina hiyo hazitaki mzigo chini ya omu 4 zikiwa kwenye briji. Matokeo yake ilichemka, ikajizima, ikapoa, ikawaka tena, na kila ilipowaka dereva alishukuru na kuendelea. Koili zilezile zingeungwa kwa mfuatano zingekuwa omu 8 na amplifaya ingepumua. Hata kuipa kila chaneli koili yake ya omu 4 kungefaa, mradi geini za chaneli zote mbili zilingane na zote zipokee mawimbi yaleyale.

Lakini kosa la omu ni nusu tu ya habari. Mombo ni njia panda: barabara kuu ya Segera kwenda Moshi na Arusha inapita hapo, na ya Lushoto inachepuka kupanda mlima kupitia Soni. Gari la abiria linakaa likisubiri kujaa, injini imezimwa, muziki uko juu, jua la bondeni linachoma bati. Hapo ndipo mauaji yanapofanyika. Betri iliyojaa ina volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikibebeshwa amplifaya inaweza kushuka hadi 11. Watengenezaji, kwa upande wao, hupima nguvu kwa volti 14.4. Katika amplifaya za kawaida za magari nguvu hushuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo amplifaya yenye uwezo halisi wa wati 500 inabaki na wati 290 hivi ikiwa kwenye volti 11.

Dereva hasomi volti. Anasikia besi imepungua, anazungusha kitufe cha redio. Amplifaya haiwezi kuinua wimbi kupita umeme ilionao, basi vilele vya wimbi vinakatwa bapa. Wimbi lililokatwa hadi kuwa mraba kamili hubeba nguvu maradufu ya wimbi safi la kimo hichohicho. Zile wati 290 zinakaribia 580, kwenye koili ya wati 400. Wapo mafundi wanaosema wimbi lililokatwa hugeuka kuwa umeme wa betri, wa mkondo mmoja. Sivyo, bado linapanda na kushuka. Ubaya wake ni kwamba zile nafasi za kupumua kati ya pigo na pigo zinajazwa, na koili haipati muda wa kupoa. Shaba nayo huongeza ukinzani inapopata moto: ikitoka nyuzi 25 hadi 200, ukinzani hupanda kwa karibu asilimia 70. Sauti inazidi kupungua, na mkono unarudi kwenye kitufe.

Safari hii iliwekwa sabufa mpya kama ile ya kwanza, na ikachaguliwa amplifaya ya chaneli moja ya klasi D. Juu yake paliandikwa wati 2000, maandishi ambayo hayana maana yoyote. Kinachosema kweli ni fyuzi zake: mbili za ampea 30, jumla 60. Zidisha kwa volti 13.8 unapata wati 828 zinazoweza kuingia. Klasi D ikitoa robo tatu yake, ni kama wati 620 za kutoka. Kitabu chake kilidai wati 500 kwa omu 2, na dai hilo linaaminika. Marekani wana kipimo cha CEA-2006, kilichoanza mwaka 2003, kinachomtaka mtengenezaji apime kwa volti 14.4 na upotoshaji usiozidi asilimia 1. Ukikiona kimetajwa kwenye katoni ya amplifaya, namba zilizoandikwa hapo zina mashiko. Usipokiona, hesabu fyuzi.

Koili ziliungwa sambamba tena, sasa kwa haki, na testa ikasoma omu 1.7. Hilo ni sawa, kwani ukinzani unaopimwa kwa testa huwa chini kidogo ya ule ulioandikwa.

Kisha waya. Uliokuwepo ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba, wa milimita mraba 10. Kwa ampea 36 hivi, ambazo wati 400 za kutoka zinahitaji, mita tano za waya huo hula karibu nusu volti. Shaba tupu ya milimita mraba 25 hula kama volti 0.12. Waya wa hasi ulifungwa kwenye bodi baada ya rangi kukwanguliwa kwa msasa hadi chuma kung'aa, na fyuzi kuu ikakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45, ili waya ukichubuka safarini gari lisishike moto.

Mwenye gari alitaka pia kapasita ya faradi 1, ile yenye taa za namba. Alishauriwa aache, na ushauri ulikuwa mzuri. Kapasita hiyo ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12 inatoa jouli 32 hivi. Amplifaya inayokula wati 500 inazimaliza kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha. Fedha hiyo ni heri iende kwenye betri.

Geini ndiyo ilichukua muda, na ilistahili. Watu wengi huichukulia kama kitufe cha sauti, wakati kazi yake ni kulinganisha volti zinazotoka redioni na zile amplifaya inazozitarajia. Sabufa ilichomolewa, injini ikawashwa, besi na treble za redio zikarudishwa sifuri, kikuza besi cha amplifaya kikazimwa. Ukapigwa mlio mmoja mtupu wa hezi 50, kwa sababu testa za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani, ambao ni hezi 50, na hapo ndipo zinaposoma vizuri. Hesabu ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: 400 mara 2 ni 800, na kipeuo chake ni volti 28.3. Redio ikiwa hatua ya 30 kati ya 40, geini ilizungushwa hadi volti 26 ikaachwa hapo, sawa na wati 338. Tofauti ya 338 na 400 haifiki hata desibeli moja. Hakuna abiria atakayeisikia.

Boksi lilikuwa la tundu, na chini ya masafa ya tundu lake koni hukosa hewa ya kuizuia. Kichujio kinachozuia masafa ya chini mno kiliwekwa hezi 30, kidogo chini ya masafa ya tundu.

Ilibaki hali ya kituoni. Injini ikizimwa na volti zikishuka kutoka 13.8 hadi 11.5, uwezo safi wa amplifaya unapungua desibeli 1.6. Redioni hizo ni hatua mbili hivi. Kwa hiyo dereva alipewa namba mbili za kukumbuka: 30 gari likitembea, 28 likisubiri abiria.