Mukuru: Upana wa Barabara Ulivyojadiliwa Mlango kwa Mlango

Chumba cha kawaida cha mabati huko Mukuru, Nairobi, kina futi 10 kwa 10, yaani takriban mita 3 kila upande. Ukiongeza mita 3 kwenye upana wa barabara, umefuta safu nzima ya vyumba. Ndiyo maana upana wa barabara mtaani humo haukuweza kuachiwa wahandisi peke yao.

Agosti 2017, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka 2 ili mpango uandaliwe. Lakini kaya zipatazo laki moja utazishirikisha vipi? Baraza la chifu lisingetosha. Barazani husikika sauti zilezile, na wenye nyumba hutangulia mbele huku wapangaji, ambao ndio wengi mno Mukuru, wakiwa vibaruani.

Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake walianzia mlangoni. Kaya 10 jirani ziliunda kikundi cha Tujuane Tujengane na kuchagua mwakilishi wao. Vikundi 10 vikafanya kundi la kaya 100, na makundi hayo yakapanda hadi ngazi ya sehemu ya mtaa. Nguvu ya mpangilio huu iko katika safari ya kurudi: mwakilishi akitoka mkutanoni ana milango 10 tu ya kubisha, na nyuma ya kila mlango yupo mtu anayeweza kumuuliza kwa nini alikubali jambo fulani. Mpangaji aliyetoka kazini usiku anafikiwa sawa na mwenye nyumba.

Kwa hiyo wataalamu, wakiwemo wa vyuo vikuu, walipoleta ramani, mjadala haukuwa wa kupiga makofi. Viwango vya kawaida vya upana vingebomoa makazi mengi kupita kiasi. Vilipunguzwa, ili barabara na mitaro ipite na watu wachache iwezekanavyo wahame. Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyoanza kazi 2020, ikaanza kuzijenga barabara hizo.

Kisha, Oktoba 2021, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupanua Barabara ya Catherine Ndereba. Maelfu ya watu walipoteza makao, ndani ya eneo lilelile lililokuwa limejadiliwa nyumba kwa nyumba. Kwangu, hapa ndipo kasoro ya kitaalamu ilipo: utaratibu wa milango 10 uliongoza mpango wa mtaa, lakini haukuwa na nguvu ya kuisimamisha barabara yenye maslahi ya jiji zima. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Katika eneo maalumu la mipango, taasisi yoyote ya barabara ingepaswa kuzuiwa kuchora alama ya X ya ubomoaji ukutani kabla mchoro wake haujashuka hadi kwenye vikundi hivyo na kurudi na majibu.