Tarishi Mwema

Katika miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulikuwa na tarishi mmoja ambaye hadi leo namtumia kama kipimo. Alipopewa bahasha aliifikisha kwa mwenyewe. Hakuifungua njiani, hakuchomoa karatasi hata moja, hakumdadisi mpokeaji mambo yasiyomhusu, wala hakuchagua milango ya kubisha. Sikudhani kwamba nikishapita miaka 70 ningemkumbuka kwa sababu ya simu.

Mama Neema, mke wangu, alifariki mwaka juzi. Aliacha simu yake ya Android, na ndani yake picha 214 pamoja na sauti 11 alizorekodi akiwasimulia wajukuu hadithi. Mwaka huu kioo cha simu ile kilianza kufa. Mstari mweusi ulitokea pembeni, na kila wiki ukapanuka. Ilinipasa kuvihamisha vitu vile kabla giza halijafika katikati. Lakini jamaa yetu haina kifaa cha aina moja: binti yangu ana iPhone, kijana wangu anatumia kompyuta ya Windows, nami nina Android ya bei nafuu.

Programu ya kwanza niliyoijaribu, ambayo sitaitaja, ilisifiwa kwa kasi. Kabla haijapeleka hata picha moja iliomba kujua mahali nilipo, ikaomba orodha ya watu waliomo kwenye simu, kisha ikanimwagia matangazo ya kamari. Ombi la mahali lina utetezi, kwani Android za zamani hudai ruhusa hiyo ili simu iweze kuiona jirani yake. Lakini marafiki wa marehemu wanahusika vipi na usafirishaji wa picha? Nikaifuta.

Njia ya wengi ni WhatsApp, nayo tuihukumu kwa haki. Picha ikitumwa kama picha, hupunguzwa ili isile bando. Kwa salamu za sikukuu hilo halina madhara. Kwa picha ambayo mpigwaji wake hatapigwa tena, ni hasara. Dawa ipo: itumwe kama hati, nayo itafika kama ilivyo. Hata hivyo kila faili hupanda kwanza kwenye intaneti ndipo lishuke, ingawa simu mbili zimelala juu ya meza moja. Bando huliwa kwenda na kurudi.

Makampuni makubwa yana matarishi wao. AirDrop ya Apple, iliyotoka mwaka 2011, hufanya kazi kwa adabu, ila ilijengwa kwa ajili ya vifaa vya Apple vyenyewe. Google nayo ilitoa Nearby Share mwaka 2020, na Januari 2024 ikaunganishwa na Quick Share ya Samsung. Hiyo huhudumia Android na Windows. Mwishoni mwa 2025 Google ilitangaza kwamba simu zake za Pixel 10 zinaweza kupelekeana faili na iPhone kupitia AirDrop. Ni hatua njema, lakini ni mlango uliofunguliwa kwa wenye simu za gharama. Bluetooth ya kawaida nayo haikutufaa, maana iPhone haipokei faili kutoka Android kwa njia hiyo.

Iliyotuvusha ni LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, haidai ujiandikishe, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa anayetaka kuyakagua. Iko kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Vifaa vikiwa kwenye waifai moja, au kimoja kikiwasha hotspoti kwa wenzake, faili huvuka moja kwa moja bila kugusa intaneti. Kila kifaa hupewa jina la tunda au mboga, jambo lililomfurahisha mjukuu wangu: “Babu, wewe ni nanasi!”

Kasoro zake nazo nizitaje. Kwa kawaida kila upande unapaswa kuwa nayo. iPhone huuliza kama iruhusiwe kuona vifaa vya mtandao wa nyumbani. Ukikataa kwa woga, hamtaonana, na mgeni hatajua kosa liko wapi. Tena haimsaidii aliye mbali. Binti yangu ilibidi asubiriwe mpaka alipokuja likizo, na siku zile za kungoja nilikitazama kioo kile kama mtu anayetazama taa ikiishiwa mafuta.

Ndugu msomaji, wanaoshauri juu ya programu hizi hupenda kuuliza ipi ina kasi zaidi. Picha zetu zote zilivuka kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Kasi si hoja. Uliza kama inafika kwa kila mlango, kama inafikisha kitu kizima, na kama inakuuliza yasiyoihusu.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Kwa miaka miwili niliridhika kujua kwamba sauti ya Mama Neema iko ndani ya simu ile, nisikumbuke kwamba simu ni chombo kinachokufa. Tarishi hata awe mwema hawezi kupeleka bahasha usiyompa. Sasa hadithi zile 11 ziko mahali patatu, na jioni ile binti yangu alipoifungua ya kwanza, hakuna aliyezungumza mpaka mama yao alipomaliza.